Deni la Damu na Dumu la Maji: Filamu ya Munyurangabo kwa Macho ya Nachingwea na Ruangwa

Filamu iitwayo Munyurangabo ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, nchini Ufaransa, mwaka 2007. Mwongozaji wake ni Lee Isaac Chung, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi waliotoka Korea, ambaye alikwenda Kigali kufundisha utengenezaji wa filamu katika kituo cha kimisionari. Picha zote alizipiga kwa muda wa siku 11, huku wanafunzi wake wakiwa ndio wasaidizi wake. Waigizaji si watu wa kazi hiyo, na lugha inayosemwa ni Kinyarwanda tangu mwanzo hata mwisho. Huenda msomaji akauliza kwa nini kazi iliyotoka miaka mingi iliyopita ijadiliwe leo, tena kwa kutazamwa kutoka Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za mkoa wa Lindi zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 1995, na ambazo hazipakani na Rwanda kwa upande wowote. Jibu ni kwamba filamu hii inauliza swali ambalo wachungaji wa kusini hukutana nalo msibani, shambani na barazani pa mtendaji wa kijiji: deni la damu hurithiwaje, na ni nani mwenye haki ya kulifuta?

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Vijana wawili, Ngabo na Sangwa, ni marafiki wanaoishi maisha ya kubahatisha mjini Kigali. Ngabo ni yatima wa Kitutsi, ambaye baba yake aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Sangwa ni Mhutu aliyeondoka kwao miaka mitatu nyuma. Panga linaibwa sokoni, na safari inaanza. Nia yao ni kumtafuta yule aliyemwua baba yake Ngabo, wamwue. Njiani wanapita kijijini kwa wazazi wa Sangwa, wakikusudia kukaa kitambo kidogo tu, na kitambo hicho ndicho kinachokuwa sehemu kubwa ya filamu. Mama anampokea mwanawe kwa furaha, lakini baba bado ana uchungu wa kuachwa. Sangwa anashika jembe, analima pamoja na baba yake, anakandika udongo ukuta wa nyumba ulioharibika, na siku kwa siku anarudia kuwa mtoto wa pale. Kadiri anavyozidi kuwa mtoto wa nyumba ile, ndivyo rafiki yake anavyozidi kuwa mgeni. Baba akiisha kutambua mgeni huyo ni wa kabila gani, anamwonya mwanawe kwamba Mhutu na Mtutsi ni maadui. Urafiki unavunjika, na Ngabo anaendelea na safari peke yake. Anapomfikia yule mwuaji, anamkuta amelala hoi, anakufa kwa UKIMWI, naye anaomba maji.

Nianze na sifa, kwa maana zipo na ni kubwa. Jambo lililo bora kabisa katika filamu hii ni uvumilivu wake. Mwongozaji haonyeshi mauaji. Haonyeshi mafuvu yaliyopangwa katika makanisa ya Ntarama na Nyamata, ambayo yamekwisha kuonyeshwa na wengi, pengine kupita kiasi. Anaonyesha baba akimsahihisha kijana namna ya kupiga jembe. Anaonyesha mama akimtafutia mwanawe chakula kutoka katika uhaba. Ndani ya mambo hayo ya kila siku ndimo chuki inamopitishwa, bila kelele, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Baba yake Sangwa si shetani. Ni mkulima maskini aliyejeruhiwa moyo, anayempenda mwanawe kwa jinsi anavyoweza, na upendo huo huo ndio anaoutumia kumkabidhi uadui. Wanafunzi wetu wanaofundishwa mafundisho ya dhambi ya asili mara nyingi huyapokea kama fumbo la vitabuni. Hapa watayaona yamekaa mkekani pamoja na chakula.

Panga nalo lataka kutazamwa. Kwa watu wa kusini panga ni chombo cha kufyekea. Kila nyumba inalo, na mwezi wa kuandaa mashamba ya mikorosho na mbaazi halikai chini. Filamu inatumia ukweli huu vizuri, kwa kuwa lile panga limefungwa katika mzigo wa vijana wawili wanaokaa kati ya watu wenye majembe na mapanga ya halali, wala hakuna anayeweza kuona tofauti kwa macho. Na jina la kijana limechaguliwa kwa makusudi: kwa Kinyarwanda neno ngabo lahusu ngao, na tena lahusu askari. Mtoto amepewa jina la kivita kabla hajawa na vita vyovyote vyake mwenyewe.

Kuna filamu nyingine ambayo inafaa kuwekwa kando ya hii, ili tuone kile ambacho Chung alikikataa. Ni Abril Despedaçado ya Walter Salles wa Brazil, iliyotoka mwaka 2001, nayo ilitokana na riwaya ya Mwalbania Ismail Kadare. Kisa kimehamishwa kutoka milima ya Albania hadi kaskazini-mashariki ya Brazil mwaka 1910. Jamaa mbili, Breves na Ferreira, zimeuana kizazi kwa kizazi kwa sababu ya ardhi. Shati la marehemu hutundikwa nje, na damu yake ikiisha kugeuka rangi ya manjano, ndugu anayefuata lazima aende kuua. Tonho anatimiza wajibu wake, anapewa muda hadi mwezi mpevu, na tangu hapo yeye ndiye anayewindwa. Mwisho wake mdogo wake, Pacu, anavaa kofia ya kaka yake na kitambaa cheusi cha mkononi, anauawa mahali pake, na Tonho anashika njia nyingine mpaka baharini. Katika nyumba hiyo wamo ng'ombe wa kusukuma kinu cha miwa ambao hata wakifunguliwa nira huendelea kuzunguka wenyewe. Sijaona mfano bora wa kisasi kuliko ng'ombe hao.

Najua mhubiri atakavyofanya na Pacu. Mdogo asiye na hatia amekufa badala ya ndugu yake, na mahubiri ya Ijumaa Kuu yamekwisha kuandikika! Naomba twende polepole. Pacu anakufa, ndiyo, lakini hakuna anayepatanishwa. Baba anamtaka Tonho akaue tena, na jamaa ya Ferreira hawajui hata kwamba walikosea mtu. Tonho anaokoka kwa kuondoka. Kifo cha badala kilichomfungulia mtu mmoja mlango wa kutorokea ni jambo la kuhuzunisha na la kupendeza katika hadithi, lakini si upatanisho kwa maana ambayo Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho. Tunapouita hivyo tunaupunguza msalaba ili utoshe kwenye filamu. Chung hakumpa Ngabo mlango wa namna hiyo. Kwake hakuna bahari. Kuna chumba chenye mgonjwa, na mtu lazima aamue.

Sasa tuipeleke filamu Ruangwa. Wamwera, kama walivyo majirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba, na anayerithi ni mpwa. Mzee wa Kimwera akiitazama Munyurangabo atauliza swali ambalo mhakiki wa Ulaya hataliuliza: wajomba wa mtoto huyu wako wapi? Kwa kanuni ya ukoo wa mama, baba na mwanawe ni watu wa koo mbili, na damu ya baba inadaiwa na wajomba na wapwa wa baba. Filamu zote mbili nilizozitaja huchukua kana kwamba ni jambo la maumbile kwamba deni linashuka kutoka kwa baba hata kwa mwana. Ukweli ni kwamba ni desturi, na desturi hutofautiana. Jambo hili si dogo. Likiisha kuonekana kwamba urithi wa kisasi umepangwa na watu, na kwamba watu wa bonde jingine wameupanga vingine, basi lile neno la kwamba ndivyo damu inavyodai linaanza kupoteza nguvu. Tena katika nchi za kando ya Ruvuma, hapo zamani za misafara ya watumwa, deni la damu liliweza kulipwa kwa kutoa mtu hai, aliyehamia kwa wafiwa na kuhesabiwa kwao. Haikuwa desturi ya huruma, maana aliyetolewa hakuulizwa. Lakini wenye desturi hiyo walijua kwamba maiti ya pili haimrudishi wa kwanza.

Kusini wanayo pia dawa ya polepole, nayo ni utani. Wangoni, ambao Waingereza wa misheni waliwaita Magwangwara, walizivamia nchi hizi mara nyingi katika karne ya 19. Mwaka 1882 waliivamia hata misheni ya Masasi, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Wajukuu wa wavamizi na wa waliovamiwa leo hutaniana. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, aliona kwamba utani mwingi wa makabila ulitokana na vita vya zamani. Mtani huja msibani, hucheka penye kilio, hudai, hukejeli, na kwa mzaha huo hulitaja lile ambalo lisingetajika kwa ukali: babu yako alimchukua babu yangu. Rwanda ya filamu hii haina mzaha. Mauaji yako karibu mno, na si haki kumdai mwongozaji kicheko mwaka wa 12 baada ya mauaji. Hata hivyo, mtazamaji wa Nachingwea atauona upungufu huo kama mtu anavyoona nyumba isiyo na dirisha.

Jambo ninalolilaumu zaidi ni la namna nyingine. Mwuaji haongei neno la toba. Tunamkuta amekwisha kuhukumiwa na ugonjwa, na mtazamaji anaachiwa njia rahisi ya kusema kwamba Mungu amelipiza, kwa hiyo Ngabo hana haja ya kulipiza. Kama ndivyo, basi kisasi hakikushindwa. Kimefanywa na mkono mwingine. Mwongozaji angeweza kuchagua mwuaji mwenye afya, anayelima shamba lake na kucheka na watoto wake. Wauaji wengi walikuwa hivyo. Wakati filamu hii inatengenezwa, mahakama za gacaca zilikuwa zikiendelea nchini Rwanda, nazo hazikufungwa hadi mwaka 2012. Humo watu walisimama mbele ya majirani wakaungama, wengine kwa kweli, wengine kwa hesabu, kwa sababu aliyeungama alipunguziwa adhabu. Ugumu wote wa swali la ungamo ulikuwa ukikaa chini ya miti ya kijiji chochote ambacho kamera ingepita. Filamu imeupita kimya.

Lakini Nachingwea inatuzuia tusiseme haraka kwamba ungamo ndilo lililopungua. Huko ndiko FRELIMO ilikuwa na kambi yake kubwa wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na huko, mwezi Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa nchi yao, wapinzani wa uongozi walipangwa mbele ya umati wakalazimishwa kuungama. Miongoni mwao alikuwamo Uria Simango, mchungaji wa Kiprotestanti, aliyekuwa makamu wa rais wa chama hicho tangu wakati wa Eduardo Mondlane. Alisoma ungamo refu. Halikumsaidia kitu. Baadaye aliuawa kwa siri nchini mwake pamoja na wenzake, na mkewe Celina akauawa pia. Basi katika ardhi ile ile ambayo leo wachungaji wetu hupita kwa pikipiki, palifanyika ungamo lisilo na msamaha; na katika filamu tunaonyeshwa msamaha usio na ungamo. Katekisimo Ndogo hufundisha kwamba ungamo lina sehemu mbili, yaani kukiri dhambi na kupokea maondoleo. Mahali ambapo maondoleo hayakukusudiwa tangu mwanzo, kukiri kunageuka kuwa sehemu ya mauaji.

Watoto wa Simango walikua. Daviz alikuwa meya wa Beira tangu mwaka 2003, akaanzisha chama cha MDM mwaka 2009, akafariki mwaka 2021. Nduguye, aitwaye Lutero (wasomaji wa jarida la Kilutheri wataniwia radhi nikisita kidogo kwenye jina hilo), alishika uongozi wa chama, na mwaka 2024 akagombea urais wa Msumbiji. Wana wa mtu aliyeuawa bila kaburi linalojulikana walichukua kura badala ya panga, dhidi ya chama kile kile. Siwezi kusema kwamba wamesamehe. Hilo ni lao na Mungu wao. Naona tu kwamba filamu juu ya wana kama hao ingekuwa ngumu kuliko Munyurangabo, kwa sababu adui wao hakulala hoi kitandani. Alikuwa ikulu.

Nimelaumu mwisho wa filamu. Sasa niutetee, kwa sababu nadhani ndani yake kuna kitu ambacho hata mwongozaji huenda hakukitafuta. Mgonjwa anaomba maji, na Ngabo anachukua dumu. Hasemi kwamba amesamehe. Wala mgonjwa hasemi kwamba ametubu. Luther, akieleza amri ya tano, hakutosheka na kukataza kuua. Alisema twapaswa kumsaidia jirani katika kila haja ya mwili wake, na katika Katekisimo Kubwa alimhesabu kuwa mwuaji yule amwachaye mwenzake afe kwa njaa ilhali angeweza kumlisha. Kwa kipimo hicho Ngabo angeweza kuua bila kulitoa panga mzigoni. Ilitosha asichote maji. Neno la kumnywesha adui mwenye kiu limo katika Mithali na tena katika Warumi 12, na tumezoea kulifasiri kama tendo la moyo mkuu uliokwisha kushinda chuki. Katika filamu linaonekana kama utii mdogo wa mwili, unaotangulia hisia. Miguu inakwenda kisimani, na moyo bado uko nyuma njiani. Mchungaji anayesubiri waumini wake wasamehe kwanza ndipo wasaidiane atakaa sana.

Sehemu moja ningeipunguza. Kabla ya kufika kwa mwuaji, Ngabo anakutana na mshairi, Edouard Uwayo, ambaye analikariri shairi lake zima mbele ya kamera. Ni mshairi wa kweli, na sauti yake inashika. Lakini shairi limeandaliwa kwa sherehe ya taifa, na taifa linaposema juu ya umoja huwa lina haraka kuliko mfiwa. Dakika hizo zinamwondolea Ngabo kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe.

Je, filamu hii yafaa kuonyeshwa katika sharika na mitaa ya kusini? Naona yafaa, kwa sababu ninazoweza kuzitaja. Tangu wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi waliletwa au walihamia mkoa wa Lindi pamoja na mifugo yao, na ugomvi wa mashamba na malisho umekuwapo, Nachingwea na Liwale zikiwamo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni kijana mzima. Anajua shamba la nani lililiwa na ng'ombe wa nani, na kama kuna aliyepigwa au kufa, anajua ni nani anayetajwa. Hajafundishwa darasani; amesikia jioni, wakati wa kula, kama Sangwa. Deni hili ni changa. Halijafikia vizazi vya Breves na Ferreira, wala hakuna utani bado kati ya Mmwera na Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake. Kama utani utazaliwa, utachukua muda ambao mapanga huenda yasiusubiri. Kanisa letu la Kilutheri ni dogo katika wilaya hizi zenye Waislamu wengi, Wakatoliki na Waanglikana. Udogo huo waweza kuwa msaada, kwa kuwa hatudhaniwi kuwa na upande. Kanisa la Kilutheri la Rwanda nalo lilianzishwa mwaka 1994 na wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania, likiwa dogo namna hiyo hiyo, katika nchi iliyojaa makaburi.

Tena vijana wa Nachingwea na Ruangwa hawakosi filamu. Katika vibanda vya video wamekwisha kuona visasi visivyohesabika, vya Wahindi, vya Wachina na vya Wamarekani, huku mfasiri akiyageuza maneno yote kwa Kiswahili na kuongeza ya kwake. Sholay ya mwaka 1975 bado yajulikana na wazee. Katika filamu hizo adui hufa mwishoni, watazamaji hushangilia na taa huwashwa. Kuhubiri dhidi ya kibanda ni kazi bure. Afadhali kukodi kibanda kwa jioni moja, kuwaalika wakulima na wafugaji, na kuweka Munyurangabo.

Mfasiri atahitajika, kwa maana wahusika husema Kinyarwanda. Ningeshauri asipatikane mhubiri, bali yule yule mfasiri wa kibandani, ambaye vijana wameizoea sauti yake, ila akaonywe mapema juu ya mambo mawili: asigeuze majina ya makabila kuwa mzaha, na Ngabo akishaliinua dumu, anyamaze.